Maharagwe Yaliyorudi Jinja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Swabrah alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, alichota maji kwenye bomba la mtaa, kisha akazoa majivu. Hiyo ya tatu hakuipenda hata kidogo. Majivu huingia puani na chini ya kucha, na msichana wa miaka kumi na miwili, tena kiranja wa chumba cha kompyuta, hapendi kuingia darasani na nyusi za ajuza.

Lakini nyumbani kwao Walukuba, katika mji wa Jinja, majivu hayakuwa takataka. Swabrah alilelewa na bibi yake, Hadijah, na kwa kuwa wao ni Wanubi alimwita Haboba, ndilo neno lao la bibi. Haboba alikuwa na majivu ya kila kazi. Ya kusugulia sufuria yalikaa kwenye kopo la maziwa. Ya kufukuza siafu yalimwagwa kizingitini. Ya kunyunyizia mboga yalikaa kwenye beseni lililopasuka. Na yale bora, yaliyochekechwa mara mbili hadi yakawa laini kama unga wa ngano, yalichanganywa na maharagwe ili fukusi wasiyatoboe. Maharagwe ya Haboba yaliweza kukaa mwaka mzima bila tundu hata moja. Kila jirani alilijua jambo hilo, kwa sababu Haboba mwenyewe hakuchoka kuwakumbusha.

Mwaka huu maharagwe hayo yalikuwa na safari. Zamzam, dada mkubwa wa Swabrah, alikuwa ameolewa Mbale, na mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike, Ramla. Haboba alikwisha apa kwamba mjukuu wake aliyejifungua hatakula maharagwe ya kununua sokoni maadamu yeye yu hai.

Siku ya Jumanne, baada ya masomo, Mwalimu Bogere alimwita Swabrah kwenye chumba cha kompyuta. Sakafuni palikuwa na gunia. Ndani yake mlikuwa na vipande vya mashine tatu zilizokufa: kibodi zilizofutika herufi, nyaya nyeusi zilizojiviringa, na zile bodi za kijani zenye vidoti vingi vya rangi ya fedha.

"Swabrah, unalijua duka la Mzee Arvind, lile la kutengeneza redio na simu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Karibu na soko."

"Mpelekee gunia hili leo. Yeye hukusanya mashine mbovu, na lori huja kuzichukua kuzipeleka kwa watu wanaojua kuzivunja bila kujidhuru. Usilifungue njiani. Usimpe mtu wa vyuma chakavu. Na kabisa, kabisa, lisikaribie moto."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu kwenye hizi bodi kuna risasi. Si risasi ya bunduki, ni madini. Ukizichoma, sumu yake inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Mtu mzima itamuumiza. Mtoto mchanga itamharibu akili kabla hajajua hata kuita mama. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Alisikia, tena vizuri. Kusikia ni kazi ya masikio, na masikio ya Swabrah hayakuwa na kasoro. Taabu ilikuwa mbele kidogo, mahali ambapo mtu hutakiwa kutenda aliyoyasikia.

Gunia lilikuwa zito. Alipofika karibu na nyumbani aliona si vibaya kupita kwanza kuweka mkoba na kunywa maji. Haboba hakuwapo. Alikuwa amekwenda matangani, mtaa wa pili. Swabrah aliliweka gunia chini, na kupitia mdomo wake uliofunguka aliona ncha ya waya mmoja uliokatika. Ndani ya ile ngozi nyeusi paling'aa shaba.

Moyo wake ulimrukia Ramla. Wiki mbili zijazo mtoto angetimiza siku arobaini, na kila mtu angempelekea zawadi. Haboba alikuwa na maharagwe yake. Mjomba Fadhul alikuwa amekwisha nunua blanketi. Swabrah hakuwa na kitu. Lakini kusuka bangili ya shaba alijua. Wasichana wa darasani walimfundisha, nyuzi tatu zikipishana kama nywele, na bangili ya namna hiyo ikisuguliwa vizuri humeremeta mkononi mwa mtoto hata mtu akadhani ni dhahabu.

"Nitachukua waya mmoja tu," alijiambia.

Mmoja ukawa minne. Ngozi ya plastiki haikukubali kuvuliwa kwa kisu, wala kwa meno, na mara kisu kikamponyoka kikamkwaruza kidole. Basi alikumbuka alivyoona watu wakifanya jalalani. Alikwenda kwenye shimo la nyuma ya jiko, ambamo walizoea kuchoma mabunzi na majani makavu, akawasha moto na kuzitupa nyaya humo.

Kisha akatazama gunia. Nyaya zilikuwa zimekatwa, uzi wa mdomoni umefunguliwa. Angempelekeaje Mzee Arvind gunia lililopekuliwa? Angeulizwa. Na Mzee Arvind angemwambia Mwalimu. Kosa moja lilikuwa linatafuta mwenzake wa kulisitiri, na halikumtafuta kwa muda mrefu. Swabrah alizitupa motoni bodi, kibodi na gunia lenyewe.

Moshi mweusi ulipanda juu ukamgeukia usoni. Ulikuwa na harufu kali iliyomkwama kooni na kumtoa machozi. Alikohoa hadi akainama. Moto ulipozima alichomoa shaba yake kwa kijiti, akafukia mabaki meusi nyuma ya ua, na kufunika shimo kwa majani ya ndizi.

"Harufu gani hii?" Haboba aliuliza aliporudi.

"Nimechoma takataka, Haboba."

"Mtoto mwema," akasema Haboba, akaingia ndani kubadili nguo.

Kesho yake Mwalimu Bogere aliuliza mbele ya darasa zima, "Swabrah, lile gunia?"

"Nimelifikisha, Mwalimu."

"Mnaona? Ukimtuma Swabrah, unaweza kulala usingizi. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Yalikuwa makofi mengi kweli, na Swabrah aliyasikia yote akiwa ametazama kidole chake kilichokwaruzwa.

Siku ya Ijumaa alirudi kutoka shule akamkuta Haboba ameketi barazani, miguu ameinyoosha, anaimba polepole kwa Kinubi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

"Maharagwe yamekwenda," Haboba alisema. "Fadhul ameyapitia leo asubuhi na lori lake la sukari. Saa hizi yako kwa Zamzam."

"Yote, Haboba?"

"Debe zima. Nimeyachanganya jana. Majivu ya jikoni hayakutosha, nikachukua yale yako ya shimoni. Yalikuwa meusi kidogo, lakini nimeyachekecha mara tatu. Laini! Hakuna fukusi atakayethubutu."

Swabrah aliketi kwenye ngazi akiwa bado na mkoba mgongoni. Maneno ya Mwalimu, ambayo kwa siku tatu aliyasukumia mbali, yalirudi yote pamoja na yalirudi na sura ya Ramla.

Hapo ndipo angesema. Haboba alikuwa mbele yake, hana hasira, hana haraka. Lakini uongo ukishapigiwa makofi huwa mgumu kuurudisha. Badala ya kusema, Swabrah aliomba simu akampigia dada yake.

"Dada, yale maharagwe mkiyapika, yaosheni sana."

Zamzam alicheka. "Kwani sisi huku Mbale tunakula majivu? Nitaosha, bibi mdogo. Nitapika Jumapili. Msalimie Haboba."

Swabrah alirudisha simu. Alijiambia kwamba sasa mambo ni salama, kwamba maji huondoa kila kitu. Alijiambia hivyo jioni nzima, na usiku hakulala vizuri.

Jumamosi mchana Haboba alipakua ugali wa posho na mboga ya dodo, mchicha aliouchuma kwenye kitalu chake kidogo kando ya jiko.

"Kula, mbona umekuwa kama mgonjwa? Dodo hii haina mdudu hata mmoja. Nimeinyunyizia majivu Alhamisi, yaleyale niliyotilia maharagwe." Akamega tonge, akalichovya kwenye mboga, akalipeleka kinywani.

"Haboba, usile!"

Swabrah alimshika mkono. Tonge likaanguka mkekani. Haboba alimtazama kwa mshangao, maana katika nyumba ile mtoto hashiki mkono wa mkubwa anayekula. Na hapo, kabla hajapata nafasi ya kutafuta uongo mwingine, Swabrah alilia na maneno yakamtoka yote: gunia, shaba, bangili iliyofichwa chini ya godoro, bodi za kijani, risasi isiyo ya bunduki, majivu, makofi ya darasani. Alisema mengine mara mbili. Kisha akangoja kupigwa.

Haboba alisukuma sahani zote mbili mbali, akajifuta mkono kwa ncha ya kanga.

"Ule moshi," aliuliza, "uliuvuta?"

"Ndiyo, Haboba."

"Ndiyo maana unakohoa tangu Jumanne. Nami nakupa tangawizi!" Akamvuta karibu, akaweka kiganja kifuani pake, akasikiliza anavyopumua kama alivyofanya Swabrah alipokuwa mdogo. "Jumatatu tutakwenda kituo cha afya. Sasa niletee simu. Lakini si mimi nitakayesema. Ni wewe."

Kumwambia Zamzam kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Haboba. Swabrah alisema polepole, na alipomaliza, alimsikia Ramla akinyonya upande wa pili.

"Mimi sijayagusa," Zamzam alisema hatimaye. "Yako kwenye debe. Lakini Swabrah, nimeyagawa."

Swabrah alikuwa amesahau jambo hilo. Kule Namakwekwe, mtaa wa Mbale alikoishi dada yake, watu hupanga chumba kimoja kimoja mlango kwa mlango, na kitu kikija kutoka nyumbani hakiingii chumbani kabla majirani hawajaonjeshwa. Kukila peke yako ni aibu.

"Umempa nani?"

"Akello, na Night. Akello nitamwambia sasa hivi, namsikia hapo nje, ingawa jioni anaingia zamu yake hospitalini. Night hayuko, amekwenda kwa mama yake na watoto, atarudi kesho. Amesema atayapika akifika tu. Simu yake imeharibika, na mimi sitoki nje, arobaini bado. Nitakaa dirishani nimngoje, lakini na mtoto huyu..." Sauti ikamkatika. "Night ana watoto watatu, Swabrah."

Haboba alichukua simu. "Tunakuja," akasema.

Mjomba Fadhul aliondoka na lori lake alfajiri ya Jumapili, na safari hii alikuwa na abiria wawili kando yake. Haboba alipakata mfuko wa mchele aliokuwa ameuweka kwa ajili ya Idi. Fadhul alikwisha elezwa habari yote, na kwa kuwa ndiye aliyeyabeba maharagwe yale, hakuwa na mzaha wake wa kawaida. Walipita Iganga, wakapita mashamba ya mpunga ya Tirinyi, na kila walipopunguza mwendo Swabrah alikanyaga sakafu ya lori kana kwamba kuna mafuta ya kuongeza hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, alikuwa akisema Mwalimu wa Kiswahili. Swabrah aliandika methali hiyo kwenye daftari mwaka jana na kupata alama zote. Leo ndipo aliielewa.

Mlima Wanale ulipojitokeza juu ya mji, saa ilikuwa nne kasoro. Fadhul aliwashusha mwanzo wa mtaa, kwa sababu lori halikuweza kupita. Swabrah hakumngoja Haboba. Alikimbia kati ya kamba za nguo na pikipiki za boda zilizoegeshwa, hadi kwenye ua wa dada yake.

Dirisha la Zamzam lilikuwa wazi lakini hakuna mtu. Mtoto alikuwa analia ndani. Na mbele ya mlango wa tatu kulikuwa na sigiri yenye makaa mekundu, na juu yake sufuria iliyokuwa inatokota. Mama mmoja mrefu alikuwa anakoroga. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka na sahani zao, na yule mdogo kabisa alikuwa amekwisha chotewa. Kijiko kilikuwa njiani.

"Usile! Mama, tafadhali, usimpe!"

Alikuwa ameshamfikia. Alikipokonya kijiko, na mtoto akaangua kilio.

"Wewe ni nani?" Night alisimama na mwiko mkononi. "Mtoto wa watu unakuja kunyang'anya watoto yangu chakula?"

"Mimi ni Swabrah, mdogo wake Zamzam. Maharagwe hayo yana sumu. Ni mimi niliyeitia."

Watu wa uani waligeuka. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo aliacha. Swabrah aliona macho yote yale na akatamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Namakwekwe ni ngumu. Basi alisema. Alisema alitumwa kupeleka mashine mbovu za kompyuta, akazichoma, akadanganya, na majivu yake ndiyo yaliyokaa kwenye maharagwe.

"Lakini mimi nimeosha," Night alisema. "Mara tatu nimeosha! Maji ilikuwa safi."

"Mwalimu alisema inabaki kwenye majivu, mama. Unaweza kuona maji ni safi na bado imo. Na inawaumiza watoto wadogo zaidi."

Haboba aliingia uani akihema. Night alimgeukia. "Mama, hii maneno ni kweli?"

"Muulize yeye," Haboba alisema. "Mimi nilikuwa nayachekecha na kujisifu. Anayejua ni yeye."

Night alimtazama Swabrah kwa muda. Hasira ilikuwa bado usoni pake, na alikuwa na haki nayo. Kisha aliinama, akachukua sahani ya mtoto wake mdogo, akamfuta midomo kwa kitambaa, akamfungua kinywa na kutazama ndani.

"Hajameza," alisema. Akakaa chini ghafla, akampakata. "Hakuna hata mmoja amekula. Nilikuwa nawaambia wangoje ipoe."

Swabrah alilia kwa nguvu kuliko alivyolia nyumbani. Alilia mpaka yule mtoto mdogo akanyamaza kumshangaa.

"Mama," Night alimuuliza Haboba, "huyu angenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Mh." Night aliondoa sufuria motoni. "Basi keti, wewe. Unajua kuchambua mchele? Bibi yako ameleta mchele, na watoto yangu bado iko na njaa."

Wakati mchele unachemka, Swabrah alikusanya maharagwe. Aliyachukua ya sufuria pamoja na maji yake, ya Akello, na debe la Zamzam. Watu walimshauri ayatupe mferejini, au awape kuku wa jirani. Haboba alikataa. "Kuku hutaga, na mayai huliwa. Mfereji huenda mtoni. Yametoka Jinja, yatarudi Jinja." Wakayafunga kwenye kavera, mifuko ya plastiki, mbilimbili na kuyarudisha kwenye debe lenye kifuniko.

Baadaye Swabrah alinawa mikono hadi kwenye viwiko, mara mbili, akaingia chumbani kwa dada yake. Zamzam alikuwa ameketi kitandani, macho mekundu.

"Nilikaa dirishani tangu alfajiri," alisema. "Mtoto alilia, nikalala kumnyonyesha, usingizi ukanichukua. Mara moja tu nimefumba macho, Swabrah, na hapo ndipo Night akaja."

"Nilitaka kumpa bangili," Swabrah alisema. "Ya shaba. Nilitaka nami niwe na kitu."

Zamzam alimwinua Ramla, akamweka mikononi mwa mdogo wake. Mtoto alikuwa mwepesi, na joto, na alikuwa na harufu ya maziwa. Alifumbua jicho moja akalifumba.

"Hahitaji bangili," Zamzam alisema. "Ana umri wa mwezi mmoja na mama yake mdogo amemkimbilia kutoka Jinja. Wangapi wana zawadi hiyo? Lakini ukirudia, nitakuchapa mimi mwenyewe."

Jumatatu asubuhi Swabrah alikwenda kwa Mwalimu Bogere kabla kengele haijalia, akamwambia. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jioni utamwambia Mzee Arvind, na kesho utaliambia darasa. Walikupigia makofi, wana haki ya kujua. Ukiranja nitampa mwingine hadi mwisho wa muhula." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami nina langu. Gunia lile halikuwa la kumpa mtoto mmoja. Ningekwenda nawe."

Jioni walikwenda pamoja, Swabrah, Haboba na Mwalimu, na debe lao. Swabrah na Haboba walikuwa wametoka kituo cha afya. Mhudumu alisikiliza kifua cha Swabrah, akachukua damu ya kupima, akasema kikohozi kitapungua na arudi baada ya wiki. Duka la Mzee Arvind lilikuwa jembamba, limejaa redio zilizofunguliwa vifuani. Mzee mwenyewe, mwenye nywele nyeupe na bisibisi nyuma ya sikio, alisikiliza habari yote bila kuinua sauti.

Aliwapeleka chumba cha nyuma. Kulikuwa na masanduku, kila moja na kitu chake: bodi peke yake, betri peke yake, nyaya peke yake. Alivaa glavu kabla ya kugusa.

"Angalia, binti. Shaba unayotaka iko humu, na hakuna haja ya moto. Wale watu wa lori wana mashine ya kumenya waya kama muwa. Hizi bodi wanazifungua mmoja mmoja, na kile kibaya wanakifungia. Mimi nimekaa Jinja miaka hamsini, nimeona watu wakichoma hizi vitu kando ya mto, nimeona watoto wao wakikohoa. Kitu kimoja nimejifunza. Mashine ikifa, usiizike kama mtu, na usiichome kama majani. Irudishe kwa anayejua ndani yake kuna nini."

Akalipokea debe na kusema litakwenda na lori. Kesho yake alikuja Walukuba pamoja na Mwalimu, wote wamefunika pua na mdomo. Walilowesha shimo kwa maji ili vumbi lisiruke, wakazoa majivu na udongo wa juu, wakafukua yale mabaki nyuma ya ua, wakang'oa dodo yote. Swabrah aliwaletea bangili aliyoificha. Mzee Arvind aliipokea kwa heshima, akaiweka kwenye sanduku la nyaya. Haboba alisimama kando akitazama kitalu chake kikibaki kitupu.

Mavuno ya maharagwe yaliyofuata, Haboba alinunua debe jingine kutoka Buwenge. Siku ya kuyachanganya Swabrah alijua itakuwaje. Tangu mambo yale, Haboba alizoa majivu mwenyewe, kila asubuhi, mgongo ukimuuma, na Swabrah hakuthubutu kuuliza kwa nini. Kazi ambayo zamani aliichukia alikuwa sasa anaililia.

Lakini asubuhi ile Haboba alileta chekecheo, akaliweka mbele ya mjukuu wake.

"Leo ni wewe," alisema. "Jana umepika wewe. Niambie kwanza, moto wako umekula nini?"

"Kuni za mkaratusi, Haboba. Mabunzi. Na maganda ya karanga."

"Na kingine?"

Swabrah alifikiri. "Karatasi moja ya daftari. Nilipata alama mbaya kwenye hesabu."

Haboba alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaketi karibu naye, akachota majivu kidogo, akayaacha yateleze kati ya vidole.

"Mimi nimeishi na majivu miaka sitini," alisema, "na nilidhani nayajua. Siyajui. Yote yana rangi moja, mjukuu wangu. Ya kuni na ya sumu, ukiyachekecha huwezi kuyatenganisha. Macho ya mzee hayawezi, maji hayawezi. Anayejua ni aliyewasha moto tu. Akisema kweli, tunakula. Akinyamaza, tunakula vilevile, na hiyo ndiyo hatari. Basi vitu vya sumu uvipeleke kwa wenye kazi yao, na moto wako useme kweli siku zote, hata kama umekula hesabu."

"Nitasema, Haboba."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa chekecheo."

Akainuka kwenda kupika chai, akamwacha Swabrah peke yake na debe zima la maharagwe ya Ramla.